TUMBO LA NG'OMBE NA TAKATAKA ZA MJI



Nataka kusema nanyi leo juu ya matumbo ya wanyama tunaowafuga. Huenda mtu akacheka, akasema kwamba kila mla matumbo anayajua. Lakini aweza kuyala maisha yake yote asijue kwa nini ng'ombe wake anakonda hali tumbo limejaa.

Tumbo la ng'ombe likipasuliwa katika machinjio ya Dagoretti, huonekana vyumba vinne. Cha kwanza hujaza karibu upande wote wa kushoto, nacho kwa ng'ombe mzima huchukua lita 100 hata 200, yaani debe tano hata kumi. Humo majani huvundikwa kama pombe mtungini, na vijidudu visivyoonekana kwa macho ndivyo viyavunjavyo. Cha pili kina kuta kama sega la nyuki. Cha tatu kina kurasa kama kitabu. Cha nne peke yake ndicho kifananacho na tumbo la mwanadamu, chenye maji makali ya kuyeyusha chakula. (Ndama anyonyaye hana haja na vile vitatu, maziwa hupita mferejini moja kwa moja mpaka cha nne.)

Nguruwe ana tumbo moja kama letu. Punda naye ana moja, tena dogo. Majani yake huvundia nyuma, katika utumbo mpana, na kwa kuwa hawezi kutapika, akila nafaka nyingi kwa mara moja huumwa vibaya. Kuku hana meno, husaga kwa firigisi na changarawe.

Sasa itazameni hatari ya ng'ombe. Yeye huzoa chakula kwa ulimi na kukimeza upesi, apate kucheua baadaye akiwa ametulia. Hachagui. Msumari au waya ukimezwa huangukia katika chumba cha sega, ambacho kimetengwa na moyo kwa kiwambo chembamba tu. Kila chumba kinapojikaza, waya husukumwa mbele, na ng'ombe wengi wamekufa kwa kuchomwa moyo.

Plastiki huua polepole. Haivundi, wala haipiti, maana tundu la kuingilia chumba cha tatu halipitishi ila kilicholainika. Basi hukaa, ikasokotana na kamba hata ikawa donge. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki za namna nyingine zingali majaani, na wakati wa ukame wafugaji huleta makundi yao mpaka kando ya barabara za Nairobi kutafuta majani.

Ukiona ng'ombe hacheui, maziwa yamepungua, ubavu wa kushoto umevimba, au huguna ashukapo mteremko, mwite daktari wa mifugo upesi. Huko Kabete, ambako maabara ya mifugo imekuwapo tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha madaktari hao, kazi ya kupasua ubavu na kulitoa donge kwa mkono yajulikana vema. Daktari aweza pia kummezesha ng'ombe kipande cha sumaku, kikakaa katika chumba cha sega na kuushika waya usisogee. Kwa plastiki hakuna dawa ya kunywesha.