Boma la Mahenge na Viapo vya Pwani
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa waumini na wanaharakati, Mishomoroni)



Nimeombwa kunena juu ya nguvu ya raia. Nitaanzia mbali kidogo, Mahenge, katika nchi jirani ya Tanzania, tarehe 30 Agosti 1905.

Julai ya mwaka ule, huko Nandete, watu waliochoka kulimishwa pamba ya Mjerumani kwa nguvu waliing'oa miche. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kuwakusanya watu wa makabila mbalimbali na kuwapa maji ya dawa, wakiamini kwamba risasi za mkoloni hazitawadhuru. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti, lakini vita vikaenea bila yeye.

Ndani ya boma la Mahenge alikuwamo Kapteni von Hassel, bunduki mbili za rashasha, na askari ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Jambo hilo tusilipite haraka. Wapogoro na Wambunga walikuja kwa maelfu, wengi wakiwa na mikuki tu. Walisonga mbele peupe, wamebanana bega kwa bega, kwa sababu waliyaamini maji. Rashasha zikawafyeka. Likatokea kundi jingine, nalo likafyekwa. Hata hivyo waliosalia walilizingira boma kwa majuma kadhaa, hadi Kapteni Nigmann alipowasili kutoka Iringa mwezi Septemba.

Kisha serikali ya Kijerumani ikateketeza vyakula na mashamba. Njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wako wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa katika vita vile na njaa yake walifikia 300,000. Nasi Wakristo tuseme pia kwamba Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, watawa, waliuawa na wapiganaji njiani tarehe 14 Agosti.

Siwezi kuwacheka watu wale. Umoja waliouunda ulikuwa wa kweli. Dawa ndiyo iliyokuwa ya uongo. Julius Nyerere aliikumbusha dunia vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, akidai uhuru bila kushika mkuki.

Sasa turudi nyumbani. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, vijana waliolishwa viapo na kuambiwa kwamba risasi hazitawapata walivamia kituo cha polisi cha Likoni. Askari sita waliuawa na bunduki zikaibwa. Lakini wapiganaji wa Mahenge walimkabili mtawala wa kigeni. Wale wa Likoni waligeuziwa jirani zao wa bara, wapangaji na wauza maduka, miezi michache kabla ya uchaguzi. Kanisa Katoliki la Likoni likajaa wakimbizi. Ni nani aliyenufaika na kura zilizokimbia pamoja nao? Si yule kijana aliyeahidiwa ardhi.

Dhuluma ya ardhi hapa Pwani ni ya kweli, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuikodisha. Kwa hiyo, vijana, akija mtu usiku na kiapo, mwulizeni mwanawe mwenyewe amelala wapi. Wazee, mkisikia mikutano ya namna hiyo, msingoje damu imwagike. Waarifuni padri, mchungaji au imamu siku iyo hiyo. Daftari la wanaojitolea kuwa waangalizi wa vituo vya kura liko mezani karibu na mlango.