Kumsikiliza Mfanyakazi Kabla ya Kumhukumu



Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Milton Obote nchini Uganda, chama tawala cha Tanzania Bara, TANU, kilitoa tamko lake la siasa lililoitwa Mwongozo. Kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani walikielewa haraka, wakaanza kuwapima mameneja wao kwa kipimo hicho. Migomo ikazuka kiwanda baada ya kiwanda. Mameneja wengine walifungiwa nje ya geti. Mwaka 1973, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda wakakiendesha wenyewe.

Wasomi waliochunguza migogoro ile, wakiwamo Issa Shivji na Paschal Mihyo, wameonesha kwamba malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara. Watu walilalamikia matusi, kudharauliwa na kuonewa. Na njia rasmi za kusemea zilikuwepo: Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulikuwa umeagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na chama cha wafanyakazi, NUTA, kilikuwepo tangu 1964. Lakini barazani uongozi ndio uliokuwa na sauti, na Katibu Mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais. Mtu aliyetukanwa asubuhi na msimamizi wake hakuwa na pa kulipeleka neno lake likasikilizwa. Akalipeleka getini.

Nimeanzia huko kwa sababu hoja yangu ya leo ni hii: mahusiano mema kazini yanajengwa au kubomolewa pale mfanyakazi anapotuhumiwa. Sherehe za Mei Mosi, fulana za kampuni na zawadi ya mfanyakazi bora ni mambo mazuri, ila hayamlindi mtu siku anapoitwa ofisini na kuambiwa amekosa.

Sheria yetu imelitambua hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi athibitishe mambo mawili: kwamba sababu ni halali, na kwamba utaratibu ulikuwa wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zikafafanua utaratibu wenyewe. Uchunguzi ufanyike kwanza. Mtuhumiwa aelezwe tuhuma kwa lugha anayoweza kuielewa. Apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48. Aruhusiwe kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Na mwenyekiti wa kikao awe mtu asiyehusika na tukio lenyewe.

Hapo kwenye lugha ningependa tutulie. Dereva anayeongea Kiswahili mchana kutwa, anayeelekezwa na kukaripiwa kwa Kiswahili, hupewa barua ya kujieleza iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mwanasheria. Anamtafuta kijana wa mtaani amsomee, kijana naye anaotea. Majibu yanayorudi hayagusi tuhuma, na kikao cha nidhamu kinaandika kwamba mtuhumiwa ameshindwa kujitetea. Huo ni uonevu, hata kama kila karatasi imegongwa muhuri.

Waajiri hunijibu kwamba utaratibu huu unawalea wezi na wazembe. Siafiki. Mwajiri anaweza kumsimamisha mtuhumiwa huku akimlipa mshahara kamili wakati uchunguzi ukiendelea. Asichoweza ni kumfukuza kwa hasira saa nne asubuhi, kisha mchana aanze kutafuta sababu. Aliyefanya hivyo, mara nyingi tutamkuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akilaumu sheria, na faili lake halina hata muhtasari wa kikao.

Tena, wengi wanaoharibu mahusiano haya si wakurugenzi. Ni wasimamizi wa zamu. Fundi hodari anapandishwa cheo kwa sababu anaijua mashine, halafu anakabidhiwa watu 30 bila kufundishwa namna ya kupokea lalamiko, kuandika onyo au kumwuliza mtu kwa nini amechelewa kabla ya kumkatia siku. Malalamiko yanaishia kwake. Afisa utumishi anayasikia yakiwa yameshakuwa mgogoro.

Wanafunzi mnaosomea rasilimali watu, mkiajiriwa ombeni kwanza kuonana na wasimamizi wa zamu. Nanyi waajiri mliomo ukumbini, nawaomba mambo mawili mwaka huu: andikeni upya barua na fomu zenu za nidhamu kwa Kiswahili, na msimkabidhi mtu yeyote wafanyakazi wa kuwasimamia kabla hajafundishwa kumsikiliza mtuhumiwa.