Kazi ya Mikono



Katika Kutoka 31 twasoma kwamba Mungu alimjaza Bezaleli Roho yake, si ili ahubiri, bali achonge miti, akate vito na kufua dhahabu. Sisi tuishio Magogoni hatuna haja ya kwenda mbali kuliona jambo hilo. Papa hapa Kisauni, mwaka 1969, zilianzishwa karakana za Bombolulu, ili watu wenye ulemavu wa viungo watengeneze mapambo, mikoba ya ngozi na vinyago, wajitegemee. Je, si sisi tunaomficha chumbani mtoto asiyeweza kutembea, tukisema hana faida?

Tena mtazameni mama anayesuka ukili barazani. Huanika miaa, huipasua, husuka pima baada ya pima, ndipo ashone mkeka mmoja. Ukiletwa mlangoni twashindania bei mpaka hapati hata ya unga. Lakini mkeka wa plastiki dukani twaulipia bila neno. Ajabu kweli!

Kule Yafa wajane walimwonyesha Petro nguo alizozishona Dorkasi, huku wakilia. Jumapili hii, tukitoka kanisani, na tumwulize yule mama bei yake, tumlipe iyo hiyo.