KUFULI TATU ZA SANDUKU NA BARUA PEPE YA BURE
(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wanachama, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Miaka kumi sasa sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa akina mama watatu. Hakuna awezaye kulifungua peke yake. Ndiyo maana mama wa kahawa hapa Mbinga na mama wa usipa kule Mbamba Bay na Liuli wanaliamini.

Lakini jamani, siri ya akiba haikai sandukuni tu. Tulifungua barua pepe ya bure ili tupeleke orodha ya hisa na mikopo kwa wafadhili wetu. Siku moja tuliituma kwenye kompyuta ya duka, tukanyanyuka bila kujitoa. Aliyekaa baada yetu akasoma yote. Haikufika jioni, mwenzetu akasikia deni lake likitajwa sokoni. Alitaka kuacha kikundi, tukambembeleza kwa wiki mbili. Kosa lilikuwa letu sisi viongozi.

Na hilo neno "bure" nalo tulielewe. Sisi hatulipi, wanaolipa ni wenye matangazo. Gmail ilipoanza mwaka 2004, mashine za Google zilikuwa zikipitia maneno ya barua za watu ili kuchagua matangazo ya kuwaonyesha. Mwaka 2017 kampuni ilitangaza kuacha jambo hilo. Mwaka huohuo Yahoo ilikiri kwamba wizi wa mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote, bilioni 3. Aliyekuwa na akaunti yao wakati ule, hata awe Lituhi, naye yumo.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kupokea malalamiko ipo. Lakini sheria haitufungii mlango tuliouacha wazi wenyewe.

Basi tumekubaliana barua pepe nayo iwe na kufuli tatu:

1. Neno la siri liwe refu, lisiwe jina la mtoto, na liongezewe namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu.
2. Kabla ya kunyanyuka, tujitoe.
3. Tutume jumla tu. Orodha yenye majina ipelekwe mkononi.

Ndugu zetu, pesa ikipotea tutachanga tena. Siri ya mama ikishatoka, hairudi.