Ukocha Huanza Mchezaji Akiwa Bado Uwanjani: Njia ya Janet Wanja na Vijana wa Bara ya Mombasa



Nimeombwa nizungumzie safari ya mchezaji wa voliboli anayegeuka kocha. Nitaanza na Janet Wanja, kwa sababu maisha yake yanatuonyesha jambo ambalo klabu zetu hazijalitilia maanani: ukocha haungoji mchezaji astaafu. Hujengwa miaka ileile anayocheza.

Wanja alikuwa seta. Aliichezea Kenya Pipeline na timu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, na mwaka 2004 alikuwa kwenye kikosi kilichokwenda Olimpiki ya Athens. Miaka 20 baadaye, huko Paris, alikuwa tena na Malkia Strikers, safari hii akiwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Kocha mkuu alikuwa Japheth Munala, naye mchezaji wa zamani. Mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo wa 2024 Wanja alifariki kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 40. Tulimpoteza kazi yake ya pili ikiwa ndiyo kwanza inashika kasi, na kwa maoni yangu hasara hiyo bado hatujaipima.

Itazameni kazi ya seta. Timu ina miguso mitatu, na wa pili kwa kawaida ni wake. Kabla mpira haujamfikia ameshajua nani yuko mbele na nani yuko nyuma katika mzunguko, bloku ya wapinzani imeegemea wapi, na mshambuliaji yupi amekosa smashi mbili mfululizo na anahitaji mpira mzuri wa kumrudishia moyo. Nusu ya kazi ya kocha ni hiyo. Nusu ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kumweleza mwingine. Seta hodari hupandisha mpira bila kuwaza vidole vyake. Binti anayeanza leo lazima aambiwe miguu ifike chini ya mpira kwanza, mikono iwe juu ya paji la uso, viwiko visibane. Mchezaji ambaye hajawahi kumfundisha mtu husema tu “fanya hivi”, akaonyesha, kisha akakasirika. Hapo ndipo nyota wengi hukwama.

Paul Bitok, aliyeichezea timu ya taifa ya wanaume, hakukwama. Alikwenda Rwanda akafundisha timu za taifa za huko kwa miaka mingi, akarudi nyumbani, na Januari 2020 mjini Yaoundé akawaongoza Malkia Strikers kufuzu kwa Olimpiki ya Tokyo. Walikuwa hawajafika Olimpiki tangu Athens.

Sasa turudi kwetu, bara ya Mombasa. Voliboli ya Kenya imesimama juu ya klabu za waajiri: Kenya Pipeline, Benki ya KCB, Magereza, na upande huu Mamlaka ya Bandari. Bomba la mafuta la kwenda Nairobi linaanzia hapa Changamwe, lakini makao ya klabu ya Kenya Pipeline yako Nairobi. Binti wa Mikindani au Shika Adabu mwenye kipaji huondoka kwao kuifuata, na akishaajiriwa huko ni nadra arudi na ujuzi wake. Simlaumu, anafuata riziki. Lawama yangu ni kwetu sisi tunaomwacha aondoke bila kumkabidhi hata kundi moja la watoto wa kufundisha Jumamosi angali hapa.

Tena bara hii ina shule ya ukocha ambayo hatujaitumia: mchanga wa Bamburi na Shanzu. Voliboli ya ufukweni huchezwa na watu wawili kwa kila upande, na kwa miaka mingi sheria zake hazikumruhusu kocha kuwaelekeza wachezaji mechi ikiendelea. Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi, waliotuwakilisha Tokyo katika mchezo huo, ilibidi wasome upepo na udhaifu wa wapinzani na kuubadilisha mpango wao wenyewe. Kijana anayecheza mchangani hujizoeza kufikiri kama kocha kila pointi. Isitoshe, magoti yake hupumzika na uwanja wa saruji au murramu wa shuleni.

Ombi langu ni kwamba kila timu ya bara impe mchezaji wake wa akiba kazi ya kuandika mzunguko wa wapinzani katika kila mechi na kuueleza mbele ya wenzake. Na tulishinikize shirikisho la taifa lilete huku kozi ya ukocha ya ngazi ya kwanza ya FIVB, shirikisho la kimataifa la voliboli, na wanaoendelea kucheza wapewe nafasi pamoja na waliostaafu. Mchezaji wa Likoni anayetegemea kibarua hawezi kuacha kazi juma zima kwenda kuitafuta Nairobi.

Baada ya chakula cha mchana tutakwenda uwanjani. Muda wa mapumziko ya timu ni sekunde 30. Kila mchezaji aliyehudhuria atapewa sekunde hizo mbele ya wenzake sita, timu ikiwa nyuma kwa pointi nne, awaambie mambo mawili tu. Walimu watasikiliza, kisha tutajadili alichosema.