Mshahara Unaonekana, Riba Inajificha

Mimi nasomea sheria, ila leo naomba tupige hesabu kidogo.

Kampuni ikiyumba tu, utasikia: "Tupunguze watu, gharama zimezidi." Haya. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, mishahara inatolewa kwenye mapato kabla ya kodi, na kodi ya kampuni ni asilimia 30. Kwa hiyo ukifuta mishahara ya milioni 100, faida baada ya kodi inapanda milioni 70, siyo 100.

Sasa njooni huku. Kampuni mama ya nje inaikopesha kampuni yake ya hapa. Riba ya milioni 100 nayo inatolewa kwenye mapato, kodi inapungua milioni 30. Ondoa kodi ya zuio ya asilimia 10, wamebaki na milioni 20, na riba yenyewe imeenda kwao! Sheria inaruhusu, mradi deni lisizidi 70 kwa 30 za mtaji. Lakini vitabu vya hapa vinaonyesha faida kiduchu, halafu anayeambiwa afunge mkanda ni mlinzi na karani.

Tufanyeje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa zote zinazohusika na ashauriane. Vijana mlio kazini, siku hiyo msiulize mishahara peke yake. Ulizeni: riba mwaka huu ni kiasi gani, na analipwa nani?