MFAMASIA ATOKE DIRISHANI AENDE WODINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Leo twataka kusema juu ya masomo ya juu ya famasia ya kliniki kwa mfamasia aliye kazini. Pengine ndugu yetu wa bandarini au wa reli atauliza, "Jambo hili lanihusu nini?" Lakuhusu sana. Siku utakapolazwa hospitali, dawa zaweza kukuponya, na zikichanganywa vibaya zaweza kukudhuru. Yafaa awepo mtu karibu na kitanda chako ambaye kazi yake ni kuliangalia jambo hilo.

Watu wengi wamjua mfamasia wa dirishani tu. Watoa karatasi, wapewa vidonge, waenda zako. Kazi hiyo ni ya maana, wala hatuidharau. Lakini aliye dirishani haoni faili la mgonjwa, wala majibu ya damu yake.

Chukueni mfano. Mtu anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Tumbo lamshika, aandikiwa metronidazoli, dawa ijulikanayo sana. Hii ya pili huuzuia mwili usiiondoe ile ya kwanza, na mgonjwa aweza kutokwa na damu ndani. Mfano wa pili ni gentamisini, ambayo hutoka mwilini kwa njia ya figo. Mzee mwenye figo dhaifu akipewa kipimo cha kijana, figo zaweza kuharibika zaidi, hata na masikio. Tena, mwenye kifua kikuu anayetumia rifampisini, kama anatumia na dolutegraviri kwa ajili ya virusi vya UKIMWI, hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, maana rifampisini hulifanya ini kuimaliza upesi.

Mambo haya ndiyo kazi ya famasia ya kliniki: kupita wodini pamoja na daktari na muuguzi, kusoma faili, na kusema mapema, "Kipimo hiki kipunguzwe." Huko San Francisco, Marekani, wafamasia wa Chuo Kikuu cha California walianza kufanya kazi wodini mwaka 1966. Kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha wafamasia mwaka 1974, na siku hizi kinatoa digirii ya pili ya famasia ya kliniki.

Sasa taabu iko wapi? Elimu hii haipatikani kwa kusoma usiku peke yake. Mgonjwa hajulikani kwa kitabu tu; lazima mwanafunzi awe wodini mchana. Basi mfamasia akienda, nani atashika dirisha? Karo italipwa na nani? Mshahara utaendelea, au watoto watalala njaa? Na akirudi atawekwa wapi? Twawajua wenzetu waliosoma kwa taabu, wakarudi na digirii, wakapelekwa dirishani pale pale kuhesabu vidonge. Hapo mfamasia amepoteza, mwajiri amepoteza, na mgonjwa amepoteza zaidi.

Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za serikali ziko chini ya kaunti. Haifai ruhusa ya kusoma iwe bahati, mmoja aipate na mwenzake wa kaunti ya pili anyimwe.

Kwa hiyo twataka mambo manne. Kwanza, ruhusa ya masomo itolewe kwa zamu iliyo wazi, si kwa kujuana. Pili, mshahara uendelee na karo ijulikane ni ya nani kabla mtu hajaondoka. Tatu, awekwe mtu wa kushika nafasi yake, ili wanaobaki wasibebe kazi ya wawili. Nne, anayerudi apewe kazi ya wodini na daraja linalolingana na elimu yake.

Na sisi tuna wajibu wetu. Mwajiri akikulipia, rudi ukatumike muda mliokubaliana. Ukijua jambo, mfundishe mwenzako. Wala tusiende wodini kwa majivuno. Muuguzi aliyekesha na mgonjwa ana mengi ya kutuambia.

Ndugu, sahihi peke yake haitoshi. Mkataba wa mwaka 2013 ulitiwa sahihi ukakaa bila kutimizwa, hata madaktari na wafamasia wa serikali wakagoma siku 100, tangu Desemba 2016 mpaka Machi 2017. Mkataba wataka watu wa kuulinda.

Basi kila tawi lituletee orodha kabla ya mkutano ujao: nani aliomba ruhusa ya kusoma, alijibiwa nini, na nani amerudi na digirii lakini bado yuko dirishani. Tukiwa na orodha hiyo mkononi, tutakwenda mezani tukiwa na la kusema.